Fomu ya Chuo na Kadi ya Kliniki: Kumsaidia Mhitimu wa Kidato cha Sita Mwenye Ugonjwa wa Kudumu

Kila mwaka mwezi Julai, ukungu unapokaa juu ya vihamba vya Kibosho na Uru hadi karibu na adhuhuri na kahawa ya kwanza ikianza kuiva, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya kidato cha sita. Kuanzia siku hiyo nyumba nyingi za mlimani huwa na mazungumzo mamoja tu: mtoto ataomba chuo gani, na fedha zitatoka wapi. Sisi tunaohudumia vijana wenye magonjwa ya kudumu tunautambua msimu huu kwa dalili nyingine. Ni msimu ambao tarehe za mahudhurio katika kadi za kliniki hubaki bila kugongwa muhuri.

Makala haya yanawalenga watoa huduma za afya, wazazi na vijana wenyewe. Hoja yake ni moja: kwa kijana mwenye ugonjwa wa kudumu, kuomba chuo ni sehemu ya matibabu yake, na inafaa kuzungumzwa kliniki mapema kama tunavyozungumza dozi na chakula. Mfano mkuu nitakaoutumia ni kisukari aina ya kwanza, kwa kuwa ndio ugonjwa ninaouhudumia zaidi. Hata hivyo, mwenye kifafa, selimundu, pumu au anayeishi na VVU atayaona mambo yake humu.

Bahasha ya kaki

Miaka kadhaa iliyopita, nikihudumu katika hospitali moja ya ukanda huu, nilimpokea wodini binti wa miaka 19 kutoka upande wa juu wa mlima. Mambo kadhaa nimeyabadilisha ili asitambulike. Aligunduliwa kuwa na kisukari akiwa kidato cha kwanza, akasoma miaka sita bwenini akijichoma insulini mwenyewe, kwa nidhamu ambayo wengi wetu tusio wagonjwa hatunayo. Alimaliza mitihani yake mwezi Mei. Mwishoni mwa Julai alifikishwa kwetu usiku akitapika, akipumua kwa haraka na kwa kina, pumzi yake ikinukia kama tunda lililoiva kupita kiasi. Sukari ilikuwa juu kuliko kiwango ambacho mashine ingeweza kusoma. Damu yake ilikuwa imejaa asidi za ketoni, ile hali ya hatari inayotokea mwili unapokosa insulini ukaanza kuchoma mafuta yake wenyewe.

Mama yake alikuja na bahasha ya kaki ameikumbatia. Nilidhani ni karatasi za hospitali. Ndani mlikuwa na cheti cha kuzaliwa, nakala za vyeti vya shule, risiti za malipo ya maombi, na picha ndogo za pasipoti zenye sura ya binti aliyeonekana mnene zaidi kuliko yule aliyelala kitandani.

Siku ya pili, alipopata nafuu, alinieleza. Kwa siku kumi na moja mfululizo aliondoka nyumbani alfajiri, akapanda daladala hadi Moshi mjini, akashinda kwenye steshenari akisubiri mtandao ufunguke na foleni isogee. Insulini aliiacha nyumbani katika chungu cha maji, kwa sababu hakutaka kujichoma mbele ya watu. Mchana hakula, ili kubana nauli.

"Daktari, sikula, kwa hiyo niliona hapakuwa na haja ya sindano," alisema.

Jioni alikuta mabishano. Baba yake alitaka aombe udaktari, na yeye alitaka kusomea lishe katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Usiku aliogopa kuamka kupima sukari, asije akamwamsha baba na mjadala ukaanza upya.

Upande wa kitaalamu ni rahisi kueleza. Mwenye kisukari aina ya kwanza haachi insulini hata siku asiyokula, kwa kuwa mwili unahitaji insulini ya msingi saa zote. Dozi hupunguzwa au hubadilishwa kwa ushauri, haikatizwi. Lakini nilipofungua jalada lake niliona jambo lililoninyima usingizi. Mwishoni mwa Mei, siku chache baada ya mtihani wa mwisho, alikuwa amekuja kliniki. Tulimpima uzito, tukampima HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu, tukaandika kwamba aendelee na dozi ileile na arudi baada ya miezi mitatu. Hakuna aliyemwuliza: sasa unakwenda wapi, mwanangu? Saini iliyokuwa chini ya maandishi yale ilikuwa yangu.

Utaratibu ambao daktari naye anapaswa kuufahamu

Mzazi humshauri mtoto kwa utaratibu wa enzi yake. Babu aliyemaliza shule baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 anakumbuka kwamba mtu hakwenda chuo kikuu moja kwa moja. Alitakiwa kwanza kufanya kazi. Waliomaliza kati ya mwaka 2010 na 2016 waliomba kupitia mfumo mmoja wa pamoja wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Tangu mwaka 2017 mwombaji anapeleka maombi moja kwa moja kwa kila chuo anachokitaka, analipia kila ombi, na TCU inasimamia sifa na ratiba. Hivyo mjomba anayesema "jaza tu, Tume itakupangia" anasema jambo lililokuwa kweli zamani.

Dirisha la kwanza la udahili hufunguliwa mara baada ya matokeo, na kwa kawaida hufuatwa na awamu nyingine kwa waliokosa. Sambamba na hayo kuna ombi la mkopo katika Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, lenye ratiba na ada yake. Wengi hukwama kwenye Bodi kuliko kwenye vyuo, na mara nyingi sababu ni majina. Huku kwetu mtoto huweza kuwa na jina la ubatizo, jina la babu na jina la ukoo, na kila karatani akaandika analolijua. Cheti cha kuzaliwa kinasema hivi, cheti cha kidato cha nne kinasema vile. Cheti cha kuzaliwa kinapaswa kuhakikiwa na RITA kabla ya ombi, na uhakiki huo hauishi kwa siku moja. Namba ya mtihani wa kidato cha nne inayotumika kuomba chuo iwe ileile inayotumika kuomba mkopo. Aliyerudia mtihani ana namba zaidi ya moja, na hapo ndipo watu hujichanganya.

Nashauri karatasi hizi ziandaliwe likizo ya kidato cha sita kabla ya mitihani, au hata mapema zaidi. Kijana aliyeziandaa Desemba hatashinda steshenari Julai.

Na kuhusu steshenari: vijana wanaotoa huduma hiyo mjini ni msaada mkubwa, wala siwabezi. Lakini nimekutana na wazazi ambao akaunti ya mtoto ilifunguliwa kwa namba ya simu ya mwenye duka, na nywila ikabaki dukani. Aliyechaguliwa na chuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha chuo kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu iliyotumika kuomba. Ikiwa simu hiyo ni ya mtu mwingine, nafasi inaweza kupotea huku mwenyewe yupo kihambani akichuma kahawa. Namba iwe ya kijana au ya mzazi, nywila iandikwe kwenye daftari la nyumbani.

Jambo hili huwa zito zaidi kwa walioitwa Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, kwani wanaweza kuwa kambini wakati dirisha liko wazi, na mzazi ndiye anayebaki na mambo ya maombi. Kwa mgonjwa anayetumia insulini au dawa za kifafa naongeza: asiende kambini kimyakimya. Aende na barua ya daktari inayotaja ugonjwa, dawa, na hatari ya kuzikosa, na aikabidhi siku ya kuripoti. Kuna vijana wanaoficha ugonjwa ili wasionekane dhaifu. Ni watoa huduma wa afya wanaopaswa kuwaambia, kabla hawajapanda basi, kwamba kuficha huko kunaweza kuua.

Chuo kipi, na mji upi

Tunapozungumza na kijana kuhusu uchaguzi wa chuo, tusianze na magonjwa. Tuanze na anachokipenda na ufaulu wake, kisha tuutazame mji kwa jicho la kliniki. Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa, kati ya Desemba na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Iliyokwisha kuanza kutumika hukaa takriban wiki nne katika joto la kawaida la chumba, lisilozidi nyuzi 25 hadi 30 kulingana na maelekezo ya mtengenezaji. Chungu kilichomsaidia binti huyu mlimani, penye ubaridi wa asili, chaweza kumsaidia Dar es Salaam pia, lakini kwa uangalifu zaidi: kiwe chungu kikubwa chenye kidogo ndani yake, mchanga wenye unyevu katikati, kivulini penye upepo, na kichupa kisiguse maji. Kinachopoza ni maji yanayokauka kupitia udongo, ndiyo maana kwenye hewa yenye unyevu mwingi ya pwani chungu hupoza kidogo kuliko Dodoma kwenye hewa kavu. Penye friji ya kuaminika hosteli au zahanati ya chuo, friji ni bora.

Mwenye selimundu aulize kuhusu baridi, maji ya kunywa, na umbali wa hospitali yenye damu. Mwenye kifafa aulize kama ratiba ya kozi ina zamu za usiku, kwa kuwa kukosa usingizi ni kichocheo kinachojulikana cha degedege. Ajue pia kwamba kozi zenye kupanda juu ya majengo au kuendesha mitambo zinahitaji mazungumzo ya kina na daktari wake. Kwa binti anayetumia valproeti, miadi hii ni wakati wa kuitazama upya dawa hiyo, kwa kuwa ina madhara makubwa kwa mimba. Anayetumia dawa za kufubaza VVU apewe barua ya uhamisho kwenda kituo cha tiba na matunzo kilicho karibu na chuo, na achague mwenyewe kituo atakachojisikia huru kwenda. Wengine hawataki kile kilicho getini mwa chuo, nami naona wana haki.

Fedha nazo ni sehemu ya tiba. Bodi ya Mikopo ilipandisha posho ya chakula na malazi kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Fedha hiyo, ambayo wanafunzi huiita bumu, huja kwa mkupuo, na mara nyingine huchelewa. Mwanafunzi asiye mgonjwa akichelewa kupata bumu hula mlo mmoja, akaendelea. Mwenye kisukari akila mlo mmoja kwa dozi ya milo mitatu, sukari yake inashuka. Kwa hiyo katika bajeti ya familia, vijiti vya kupimia na akiba ya chakula cha wiki mbili viandikwe kabla ya shuka na sufuria. Bima ya afya ihakikishwe kuwa hai siku ya kuripoti. Pia, pale penye ulemavu wa mwombaji au wa mzazi, fomu ya Bodi inahitaji uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Mzazi asiisubirie wiki ya mwisho, na sisi tusimrudishe mtu kesho na keshokutwa kwa saini moja.

Baba anataka udaktari

Nirudi kwa binti wetu. Baba yake alikuja siku ya tatu, mzee mstaarabu, mkulima, aliyeuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ada ya sekondari. Alinisalimu kwa heshima, kisha akaniomba nimshawishi mtoto.

"Daktari, wewe umefika. Mwambie. Amesoma Fizikia, Kemia na Biolojia miaka miwili, halafu akasomee chakula?"

Nilimjibu kwanza kwa namba, kwa sababu namba hazina ubishi. Sifa ya chini ya kuomba udaktari ni alama kuu tatu katika Fizikia, Kemia na Biolojia, isiyopungua D katika kila somo, yaani pointi 6 kwa hesabu inayotoa 5 kwa A na 2 kwa D. Hiyo ni sifa ya kuruhusiwa kuomba. Nafasi zenyewe hugombewa na wenye pointi nyingi zaidi, na mwanawe alikuwa na 8. Kutumia maombi yote kwa udaktari tu ilikuwa kamari. Nikamweleza pia kwamba udaktari ni miaka mitano na mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, wenye zamu za usiku. Kwamba wapo madaktari wenye kisukari aina ya kwanza na wanafanya kazi vizuri. Na kwamba kisukari hakikuwa sababu ya kumkatalia. Sababu ilikuwa kwamba hakuutaka.

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza jambo ambalo nadhani ndilo alilokuja kuuliza: "Akiwa mbali, nani ataamka usiku kumwangalia?"

Hapo nilielewa kwamba ugomvi wa nyumbani haukuwa juu ya kozi peke yake. Baba huyu alikuwa akiamka saa nane za usiku tangu mtoto akiwa na miaka 13, kila likizo, kumgusa paji la uso kama lina jasho la kushuka kwa sukari. Katika mawazo yake, udaktari ulimaanisha mtoto ataishi karibu na hospitali. Nimekumbana na wazazi wengi wanaoonekana wakali kuhusu uchaguzi wa chuo, kumbe wana hofu, na hofu haishindwi kwa hoja za ajira. Inajibiwa kwa mpango. Tulikaa watatu tukauandika: atakayekaa naye chumba kimoja atafundishwa dalili za sukari kushuka, yaani kutetemeka, jasho, njaa ya ghafla, kuchanganyikiwa, sukari ikiwa chini ya milimoli 4 kwa lita anywe maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, apime tena baada ya dakika 15, akipoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali. Ujumbe mmoja wa simu kwa baba kila usiku kabla ya kulala, wenye namba ya sukari tu, bila maelezo. Baba aliahidi kutojibu kwa mawaidha. Sijui kama alitimiza.

Fomu ya uchunguzi wa afya

Chuo kinapompokea mwanafunzi humpa maelekezo ya kujiunga, na humo mna fomu ya uchunguzi wa afya inayojazwa na daktari. Nasema hili kwa wenzangu: tusiigonge muhuri bila kumpima mtu kwa sababu tu foleni ni ndefu na kijana anaonekana mzima. Kwa wengi ndiyo mara ya kwanza kupimwa shinikizo la damu na mkojo tangu utotoni. Na tusishiriki kuficha. Mzazi akiomba "usiandike kisukari, watamkataa," tumweleze kwamba fomu hiyo ndiyo itakayoisaidia zahanati ya chuo kumtambua siku atakapoletwa hajitambui, kisha tuandike ugonjwa pamoja na maelezo kuwa unadhibitiwa na mwanafunzi anaweza kusoma.

Kuhusu afya ya akili, kungoja matokeo, kungoja majina ya awamu ya kwanza, kisha kungoja mgawo wa mkopo, ni miezi minne ya kungoja. Huzuni ya siku chache baada ya kukosa nafasi ni ya kawaida. Lakini akikosa usingizi au akilala kutwa, akiacha kula, akiacha mambo aliyoyapenda, akiacha dawa, na hali hiyo ikadumu wiki mbili, aletwe hospitali. Anayetumia insulini ana njia ya kujidhuru mkononi mwake kila siku. Mtoa huduma amwulize waziwazi, faraghani, kama amewahi kufikiria kujidhuru. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Aliyekosa awamu ya kwanza aelezwe pia, kwa uhakika, kwamba awamu inayofuata ipo, kwamba stashahada za afya zinazosimamiwa na NACTVET zipo, na kwamba tangu mwaka 2023/24 baadhi ya stashahada hizo zina mikopo. Kijana aliyezoea kuwa wa kwanza darasani hayajui haya, kwa sababu hakuwahi kudhani atayahitaji.

Barua

Siku hizi, katika kliniki yetu, kijana anapoingia kidato cha tano tunaandika juu ya jalada mwaka atakaomaliza. Miadi ya mwisho kabla ya kuondoka huwa ndefu kuliko zote. Anaondoka na barua ya ukurasa mmoja: ugonjwa na mwaka ulipogunduliwa, dawa na dozi, matokeo ya HbA1c ya karibuni, mara alizolazwa, hali ya macho na figo, na jina la kliniki inayompokea, iwe Muhimbili, Bugando, Mbeya au nyinginezo. Barua tunamsomea yeye, si mzazi, naye husahihisha panapokosewa. Anapewa dawa za miezi miwili, kwa kuwa wiki za kwanza chuoni hakuna anayekumbuka kliniki.

Binti yule hakuchaguliwa awamu ya kwanza. Awamu ya pili alipata nafasi Morogoro. Aliporudi likizo alinipa barua yangu ileile, imekunjwa mara nne, ikiwa na muhuri wa kliniki ya huko. Nyuma yake alikuwa ameandika kwa kalamu majina matatu ya wasichana wa chumbani kwake, na mbele ya kila jina alama ya vema: hawa wamefundishwa, wanajua sukari inakaa kwenye kopo gani.